Maswali ya Wasomaji: Albamu Iliyorekodiwa kwa Jioni Moja

Mwezi huu barua nne kati ya nilizopokea zinahusu jambo moja, nalo ni jinsi mpiga saksafoni anavyotengeneza albamu ya jazi ya modi, yaani jazi ambayo mpigaji hukaa muda mrefu kwenye ngazi moja ya noti. Nimeziweka pamoja, na ile ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake yuko katikati ya kazi yenyewe.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpiga saksafoni, na siku za Ijumaa na Jumamosi hupiga katika hoteli za Nyali na Bamburi. Nina tungo tano ambazo nataka ziwe albamu ya jazi ya modi. Mwezi uliopita mimi na wenzangu watatu tulilipia studio siku mbili, tukatoka bila hata wimbo mmoja unaofaa kutolewa. Solo zangu zote zilikuwa ndefu na hazikufika popote. Nimesoma kwamba John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani, alirekodi *A Love Supreme* kwa siku moja. Aliwezaje, na mimi nakosea wapi? — Mpiga saksafoni, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Ni kweli kwamba albamu hiyo ilirekodiwa siku moja, tarehe 9 Desemba 1964, katika studio ya Rudy Van Gelder iliyoko Englewood Cliffs, jimbo la New Jersey, Marekani. Wapigaji walikuwa wanne: Coltrane kwenye saksafoni ya tena, McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye dramu. Lakini ukiitazama tarehe hiyo peke yake utakuwa kama mtu aliyekuta jahazi linashushwa majini akadhani limeundwa asubuhi ile ile.

Mimi huanza kuhesabu tangu mwaka 1957. Mwaka huo Coltrane aliondolewa katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis kwa sababu ya heroini na pombe, akaviacha vyote viwili, na baadaye akaandika ndani ya jalada la albamu tunayoizungumzia kwamba ndio mwaka ambao, kwa neema ya Mungu, roho yake iliamka. Mwaka huo huo alipiga kwa miezi kadhaa pamoja na mpiga piano Thelonious Monk, kisha akarudi kwa Miles akiwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo kile ulichokisikia wewe katika dakika 33 hivi kilikuwa na umri wa miaka saba kabla ya kinasa sauti kuwashwa.

Sasa tuje kwenye modi, maana hapo ndipo solo zako zinapopotea. Mwaka 1959, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, Coltrane alikuwa studioni New York pamoja na Miles wakirekodi *Kind of Blue*. Wimbo wa kwanza wa albamu ile, *So What*, una baa 32, yaani mafungu 32 ya mapigo: baa 16 za kwanza zinakaa kwenye modi moja, ile unayoipata ukipiga vidole vyeupe vya piano kutoka D hadi D, baa nane zinazofuata modi ile ile inapandishwa nusu toni, kisha baa nane za mwisho zinarudi ilikoanzia. Hakuna zaidi ya hapo. Wiki mbili hazikupita tangu siku ile ya pili, na mwanzoni mwa Mei Coltrane akarekodi *Giant Steps*, wimbo ambao katika baa 16 kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinabadilika mara 26, tena kwa mwendo wa kasi ambao hata mpiga piano hodari kama Tommy Flanagan ulimtoa jasho, na unasikika ukimtoa jasho. Mtu yule yule, majira yale yale, alikuwa anaishi katika nyumba mbili zisizofanana hata kidogo.

Tofauti yake ni hii. Chombo kinapoingia Kilindini huongozwa na maboya, kila hatua chache kuna alama ya kukuambia upinde kushoto au ushike kulia, na nahodha aliyezijua alama zote hata akiwa hana la kusema atafika gatini. Kodi nyingi zinafanya kazi hiyo hiyo kwa mpiga solo: zinambeba. Ukiingia kwenye modi umetoka nje ya mwamba, maboya yamekwisha, na baa 16 za sauti moja ni bahari pana sana kwa mtu ambaye hajui anakwenda wapi. Wengi hudhani jazi ya modi ni rahisi kwa kuwa ina kodi chache. Mimi naiona ngumu zaidi, kwa sababu inakuacha uso kwa uso na swali la una nini cha kusema, na kidole chepesi hakitoshi kulijibu.

Sikiliza basi Coltrane alivyojibu. Sehemu ya kwanza ya *A Love Supreme*, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Kukiri, inafunguliwa kwa upatu mmoja na wito mfupi wa saksafoni, kisha besi ya Garrison inaingia na noti nne, moja kwa kila silabi ya jina la albamu. Nne tu. Anazirudia hadi zinakuwa kama mapigo ya moyo. Juu yake Coltrane anajenga solo, na mbele kidogo anafanya jambo ambalo nakuomba ulisikilize mara kumi kabla ya kushika ala yako tena: anazichukua zile zile noti nne na kuzihamisha kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, mpaka anazipitisha katika funguo zote kumi na mbili. Yeye anagonga kila mlango wa mtaa akiwa na habari moja. Akishamaliza milango yote anaondoa saksafoni mdomoni, na ndipo sauti ya mwanadamu inapoingia ikiyataja maneno yenyewe kwa noti hizo hizo, tena na tena. Hapo ndipo msikilizaji anapotambua kwamba tangu mwanzo alikuwa anaambiwa neno moja.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: katika kila utungo wako, noti zako nne ni zipi? Ikiwa huwezi kuziimba kwa mdomo bila ala, ukiwa umekaa kwenye feri ya Likoni na watu wamekuzunguka, basi utungo huo hauko tayari kwenda studioni.

Kosa la pili si la muziki, ni la mpangilio. Unasema mlikuwa wanne, lakini husemi mmepiga pamoja kwa muda gani. Tyner na Jones walijiunga na Coltrane mwaka 1960, na kufikia 1962 Garrison naye alishakuwa wao. Walipoingia studioni mwishoni mwa 1964 walikuwa wamekwisha kusafiri na kupiga pamoja usiku baada ya usiku kwa karibu miaka mitatu, ndiyo maana hakuwapa maelezo marefu wala hawakuyahitaji. Ninyi mliingia na tungo tano mpya kwa siku mbili, saa inakimbia na pesa inakwenda nayo. Hata watu waliozoeana wangechanganyikiwa.

Na utungaji wenyewe aliutenga na kurekodi. Majira ya joto ya mwaka 1964, mtoto wake wa kiume akiwa bado mchanga, Coltrane alijifungia siku kadhaa katika chumba cha juu cha nyumba yao huko Dix Hills, karibu na New York, akishuka kwa nadra. Mkewe, Alice, ambaye naye alikuwa mwanamuziki, alisimulia baadaye kwamba aliposhuka alikuwa ametulia kwa namna ambayo haikuwa kawaida yake, akamwambia kwamba kwa mara ya kwanza ameupata muziki wote wa albamu nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Karatasi alizoandika zimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya historia ya Marekani mjini Washington, na zinaonyesha kwamba mwanzoni alifikiria kundi kubwa zaidi, lenye besi ya pili na ngoma za konga. Siku ilipofika akaja na watatu wake tu. Nalipenda sana jambo hilo, kwa sababu kupunguza ni sehemu ya kutunga, na mtungaji kijana mara nyingi huogopa kupunguza akidhani wimbo utaonekana maskini.

Usione vilevile kwamba siku zako mbili zimepotea. Kesho yake, tarehe 10 Desemba, Coltrane alirudi katika studio ile ile akiwa na watu wawili zaidi, Archie Shepp kwenye saksafoni na Art Davis kwenye besi, wakairudia sehemu ya kwanza mara kadhaa. Alipokaa kuchagua aliiacha kazi yote ya siku hiyo ya pili, na umma haukuisikia hadi mwaka 2002. Kama yeye aliweza kuweka kando siku nzima ya watu sita wa kiwango kile, wewe chukua rekodi zako, zisikilize zote kwa uvumilivu, na uandike pembeni ni dakika gani hasa ulianza kurudia maneno ambayo umekwisha kuyasema. Hapo ndipo solo ilipotakiwa kwisha. Kisha zipige tungo hizo hotelini, zile saa za mapema ambapo wageni bado wanakula na hakuna anayeomba wimbo, kwa miezi mitatu au minne, na simu ikirekodi mezani. Mkirudi studioni nendeni na tungo tatu, si tano.

Mwalimu, nilipiga fidla katika kikundi cha taarabu hapa Mji wa Kale kwa zaidi ya miaka thelathini. Mjukuu wangu anasoma muziki na ananiambia kwamba hizo modi za Wamarekani ni maqamu zetu tu, zile ngazi za taarabu zilizotoka kwa Waarabu, zilizobadilishwa jina. Nilisikiliza *A Love Supreme* naye, na sehemu ya mwisho ilinigusa kwa namna ambayo siwezi kuieleza, lakini sikusikia maqamu ninayoijua. Nani ana haki? — Mzee wa fidla, Mji wa Kale

Shikamoo, mzee wangu. Mjukuu amesema nusu ya kweli, nawe sikio lako limesikia nusu iliyobaki.

Undugu upo. Maqamu na modi zote mbili zinaanza kwa kuchagua noti chache, kuipa mojawapo heshima ya kuwa nyumbani, na kumwachia mpigaji uhuru wa kutembea kutoka hapo na kurudi. Mtu aliyewahi kusikia taksimu ya udi kabla ya wimbo kuanza, pale ambapo mpigaji yuko peke yake, mapigo hayajaingia, naye anazionja noti moja moja kabla ya kuzionyesha zote, hatashangaa akimsikia Coltrane. Hata ngazi zenyewe zinakutana mahali: nahawandi iko karibu sana na ngazi ya huzuni ya Wazungu, ajamu iko karibu na ile yao ya furaha, na kurdi inafanana na modi mojawapo ya zile vidole vyeupe vya piano.

Lakini mchukue mjukuu wako umpigie bayati au rasti kwa fidla, halafu umwombe azitafute kwenye piano. Hatazipata, kwa sababu robo toni haina kidole chake pale. Tena maqamu si ngazi peke yake. Wewe unajua kwamba ina njia yake, unaingilia wapi, unapanda kwa desturi gani, unahamia maqamu ipi ya jirani na unarudi vipi, na mtu akivunja mwendo huo wazee waliokaa mstari wa mbele hutazamana. Modi ya jazi haikurithi adabu hiyo. Inakupa noti saba na kukuacha. Katika *Kind of Blue* kuna wimbo, *Flamenco Sketches*, ambao kila mpiga solo alipewa ngazi tano mfululizo na ruhusa ya kukaa kwenye kila ngazi kwa kadiri anavyotaka kabla ya kuhamia nyingine, na sidhani kama kiongozi yeyote wa taarabu niliyemjua angekubali ruhusa pana kiasi hicho.

Coltrane mwenyewe alivuta sikio lake kuelekea Mashariki kwa makusudi. Alimsikiliza kwa bidii Ravi Shankar, mpiga sitari wa India, hata mwanawe aliyezaliwa mwaka 1965 akampa jina la Ravi. Na ukimsikiliza Tyner katika albamu hii utaona kwamba kodi zake mara nyingi hazisemi ni furaha au huzuni, kwa kuwa anazipanga noti kila moja ikiwa ya nne kutoka iliyotangulia katika ngazi, badala ya kuwa ya tatu, na hivyo anamwachia mpiga saksafoni nafasi ya kuamua.

Sasa nije kwenye ile sehemu ya mwisho iliyokugusa. Inaitwa Zaburi, na nadhani imekugusa kwa sababu umeitambua bila kujua umeitambua. Ndani ya jalada la santuri lilichapishwa shairi alilolitunga Coltrane la kumshukuru Mungu. Katika Zaburi hakuna anayeliimba wala kulisoma, lakini ukilishika shairi mkononi na kufuatisha, utakuta saksafoni inalitamka silabi kwa silabi kutoka juu hadi chini. Elvin Jones ameacha mapigo, ananguruma kwa mbali kwenye zile ngoma kubwa za shaba ziitwazo timpani, piano inashikilia, na saksafoni inakwenda kwa pumzi ya maneno. Kila mara shairi linapofika kwenye neno la shukrani kwa Mungu, ambalo linarudi mara nyingi, sauti hushuka na kutua kwenye noti ile ile ya nyumbani.

Mzee wangu, sisi huku tunaliita jambo hilo kughani. Anayeghani utenzi hafuati mapigo ya ngoma, hufuata mizani nane za kila kipande, na kila ubeti hata ukizunguka vipi, kina cha kipande cha nne kinamrudisha pale pale alipotua katika ubeti uliotangulia, mpaka mwisho wa utenzi. Coltrane hakuwajua watunzi wetu. Alikulia North Carolina, mjukuu wa wachungaji wa kanisa, na mahubiri ya kule nayo yana namna yake ya kupanda na kutua. Ila kazi iliyofanyika ni ile ile, na ndiyo maana nikasema sikio lako liko sawa. Hukusikia maqamu. Ulisikia mtu anaghani.

Ningefurahi sana kumsikia mpigaji wa hapa Mombasa akichukua beti kumi za utenzi wowote anaoupenda na kuzighani kwa saksafoni au kwa fidla namna hiyo, silabi moja noti moja, bila kuongeza chochote.

Mwalimu, nilimsikia Coltrane redioni akipiga *My Favorite Things* nikadhani ni nzumari yetu. Je, ni ala gani? — Mwalimu wa shule ya msingi, Likoni

Ni saksafoni ya soprano, ile ndogo iliyonyooka. Ina ulimi mmoja, ilhali nzumari ina ulimi wa pande mbili, lakini sauti ya puani inayokaribia kulia ndiyo iliyokudanganya, na si wewe peke yako. Wimbo huo aliurekodi Oktoba 1960. Asili yake ni wimbo wa mchezo wa jukwaani wa Marekani wa mwaka uliotangulia, wenye mwendo wa mapigo matatu matatu. Yeye aliunyoosha hadi kufika karibu dakika 14 kwa kumwambia mpiga piano azunguke kwenye kodi mbili tu, moja ya huzuni na nyingine ya furaha, huku yeye akijizungusha juu yake. Ulimfanya ajulikane hata na watu wasiofuata jazi. Ukipenda kujua kama alituwaza huku, mwaka 1958 alishiriki kurekodi wimbo uliopewa jina la *Tanganyika Strut*, japo si utungo wake.

Mwalimu, kikundi chetu kina chumba cha nyuma kwa mama yangu, Changamwe. Wenzangu wanasema albamu ya jazi haiwezi kurekodiwa nyumbani. Je, ni kweli? — Mpiga besi, Changamwe

Si kweli. Rudy Van Gelder, yule aliyerekodi *A Love Supreme*, alikuwa mpima macho kwa kazi yake ya mchana, na kwa miaka mingi alirekodi jioni na siku za mapumziko katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Albamu ya Coltrane iitwayo *Blue Train* ilirekodiwa katika sebule hiyo tarehe 15 Septemba 1957. Studio ya Englewood Cliffs, ile yenye dari refu la mbao, aliijenga mwaka 1959 baada ya kujifunza kazi nyumbani kwa mama yake, kama mnavyotaka ninyi.

Chumba cha sakafu ya saruji na kuta tupu kitarudisha sauti ya dramu vibaya, basi tandikeni mikeka na mazulia, na mning'inize mablanketi mazito kwenye ukuta ulio nyuma ya dramu. Saksafoni iwe mbali na kona. Msisogeze maikrofoni hadi mdomoni mwa ala. Hatua moja kamili inatosha, na mpigaji ajifunze kusogea nyuma anapopandisha sauti. Zimeni feni na friji, maana hazisikiki mkiwa mnapiga ila zitasikika mkinyamaza, na jazi ya modi ina kunyamaza kwingi. Kwa sababu hiyo mtahitaji saa zisizo na malori ya barabara ya Jomvu wala adhana katikati ya utungo. Anzeni baada ya Isha, chumba kikishapoa kidogo, na mwambieni mama mapema kwamba sufuria za daku zisiguswe mpaka mpiga besi atakapotoka mlangoni.